Gari Langu Linasema Nini? Maswali Yenu Kuhusu Kijapani

Barua za safari hii zimenifurahisha, maana nyingi hazikutoka kwa wanafunzi bali kwa watu waliokutana na Kijapani njiani tu: ndani ya gari, kwenye katuni ya mtoto, mlangoni mwa basi. Nimezifupisha kidogo ili zienee.

Mwalimu, habari za kazi. Nina gari la Kijapani, nimelinunua likitoka bandarini. Kila nikiwasha, kuna mama ndani ya dashibodi ananiambia maneno yale yale. Mke wangu anadai injini ina matatizo. Nimeandika nilivyosikia: "ii tii shii kado ga sonyu sarete imasen". Anasema nini? (Dereva, Kinondoni)

Nzuri, ndugu yangu. Injini haina neno. Anakwambia kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za tozo kule Japani: unachomeka kadi kwenye kijisanduku cha gari, unapita getini bila kusimama, pesa inakatwa. Kadi ilibaki na mwenye gari wa kwanza, kijisanduku kikaja kwako. Kitakukumbusha mpaka fundi umeme akikate waya.

Ila usimwite fundi leo, kwa sababu yule mama anakufundisha sarufi bure kila asubuhi. "Kaado" ni kadi. "Ga" inaonyesha kiima. "Sounyuu" ni uingizaji (vuta zile irabu, umezikata ulipoandika). Utamu uko kwenye "sarete imasen": ndani yake mna "-are-", inayofanya kazi ya "-w-" yetu katika "ingizwa", mna "-te i-", ya hali iliyopo mpaka sasa, na mwishoni "-masen", ukanushi wa adabu. Sisi tunasema ha-i-ja-ingiz-w-a, mengine mbele ya mzizi, mengine nyuma. Wao wanayafunga yote nyuma, kama mabehewa. Anayejifunza kwa kitabu cha Kiingereza anaonywa kwamba haya ni maajabu, kitenzi kimoja kubeba habari nzima. Wewe umekuwa ukivitema vitenzi vya namna hiyo tangu hujaota meno. Ndiyo maana nasema kila siku: Kijapani usikipitishe kwa Mwingereza kwanza, kipokee moja kwa moja kwa Kiswahili chako.

Ukienda Kariakoo, sikiliza malori madogo yakirudi nyuma: "bakku shimasu". Narudi nyuma. Sasa wewe mwenyewe niambie "sirudi nyuma" itakuwaje.

Mwanangu ana miaka 13, anashinda kwenye katuni za Kijapani. Siku hizi anashtuka na kusema "Nani?!" hata kama hakuna mtu mlangoni. Na mdogo wake anamwita "omae". Nimwache? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

"Nani" kwa Kijapani ni "nini", kwa hiyo anashtuka sawasawa. "Nani" yetu wao huiita "dare". Mapacha wa uongo wa aina hii ni wengi: "mimi" ni sikio, "kata" ni bega, "hata" ni bendera, "saba" ni samaki wa jamii ya kibua, na "tako", samahani mama, ni pweza. "Same" ni papa, na ukipokea simu unasema "moshi moshi", kwa hiyo mkoa wa Kilimanjaro unaongea Kijapani bila kujijua. Jina lao la dubu sitaliandika hapa. Mwanao akilifikia utajua kwa kicheko.

Hilo la "omae" ndilo la kukemea. Ni "wewe" ya ugomvi, au ya vijana wa kiume waliozoeana kupita kiasi. Akimwambia hivyo mwalimu wa Kijapani ni sawa na kumwambia babu yake "we vipi". Katuni zinanoa sikio, lakini wahusika wake wengi hawana adabu. Mpe sharti: asikilize anavyotaka, ila yeye mwenyewe aongee kwa vitenzi vya adabu, vinavyoishia na "-masu", tu.

Nasikia Mswahili akitamka Kijapani hata wenyewe wanashangaa. Ni kweli tunaanza tukiwa mbele? (Mwanafunzi wa chuo, Eldoret)

Nusu yake kweli. Irabu zao ni tano, a i u e o, karibu sawa kabisa na zetu. Silabi nyingi zinaishia na irabu. Nagasaki, Yokohama, sakana: mtoto wa darasa la pili Bagamoyo anazisoma bila kuonyeshwa.

Tunakoangukia ni kwenye urefu. Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe tunaujua. Hakuna anayechanganya kukata na kukataa, wala kufa na kufaa. Tukifika kwenye Kijapani tunasahau masikio nyumbani. "Obasan" ni shangazi, "obaasan" ni bibi. Mwite mwanamke wa miaka 40 "obaasan" uone atakavyokutazama.

Kibaya zaidi ni konsonanti mbili. Pale panakaa kimya, pumzi imezuiwa kwa pigo moja zima. Mwezi wangu wa kwanza Kobe, Japani, niliingia kwa kinyozi. Njiani nilikuwa nimejizoeza: "kitte kudasai", kata tafadhali. Nikakaa kitini, nikatoa "kite kudasai". Mzee wa watu akasogea hatua moja. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akasogea tena, sasa sikio lake liko karibu na mdomo wangu, anasubiri siri. Kumbe namwambia "njoo tafadhali". Nikifundisha siku hizi nagonga meza: ki, kimya, te, mapigo matatu. Ki, te, mapigo mawili.

Liko na la tatu, ambalo hutalikuta kwenye vitabu vyao vya Kiingereza kwa sababu si kosa la Waingereza. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, hata tukiwa usingizini. YokoHAma. SaKAna. Kijapani hakikazi hivyo. Sauti inapanda na kushuka kama wimbo. Kwa lafudhi ya Tokyo, "ame" inayoanzia juu ikashuka ni mvua, inayoanzia chini ikapanda ni pipi. "Hashi" ya kushuka ni vijiti vya kulia, ya kupanda ni daraja. (Kobe nilikokaa, hiyo ya mwisho inageuka. Tuyaache.) Usijikondeshe nayo mwaka wa kwanza, ila legeza ule mkazo. Na "desu" meza "u" yake, ibaki "des".

Nianze na herufi zao, au nitumie kwanza hizi zetu za Kilatini? (Fundi simu, Mwanza)

Anza na zao, wiki hii hii. Hiragana, herufi zao za silabi, za msingi ni 46. Tano kwa siku, siku ya kumi umemaliza. Herufi za Kilatini zinakudanganya, zinakuandikia "Tokyo" na "Osaka", wakati Mjapani akiandika kwa hiragana anaweka とうきょう, to-u-kyo-u, na おおさか, o-o-sa-ka. Ule urefu niliomwambia mwenzako wa Eldoret hapa unauona kwa macho.

Nunua daftari la hesabu lenye miraba, herufi moja mraba mmoja, na uandike kwa mkono. Kalamu inatoka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. し ni ndoana ya kuvulia. Herufi za Kilatini zibakize kwa kazi moja tu: simu. Ukiwasha kibodi ya Kijapani, unabonyeza k kisha a, inatoka か.

Zikifuata katakana, 46 nyingine za maneno ya kigeni, utacheka. Wao wanapokea neno la mgeni kama sisi, wanalifunga kwa irabu mwishoni ndipo linaruhusiwa kuingia ndani. Basi ni "basu", shati "shatsu", koti "kooto", hoteli "hoteru". Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 wakatuachia meza; Japani walifika 1543 wakaacha "pan", yaani mkate. Jina lako nalo huandikwa kwa katakana. Rehema ni レヘマ, safi kabisa. Mwanaidi anakuwa Muwanaidi, hakuna namna. Lulu anaandikwa kama Ruru, maana hawatenganishi r na l, na wale ambao herufi hizo mbili huwagombanisha nyumbani watajiona wako kwao.

"Ni" na "de" zinanichanganya. Zote si za mahali? (Msomaji, Bujumbura)

Zote ni za mahali, na anayekuponza ni Kiswahili. "-ni" yetu inabeba mizigo yote: naenda shuleni, nipo shuleni, nakula shuleni. Kijapani kina "gakkou ni", kwa bahati tu imefanana, nasi tunaipenda tukaibandika kila mahali. Kwenda na kuwepo ni "ni": gakkou ni ikimasu, gakkou ni imasu. Kutenda jambo ni "de": gakkou de tabemasu. Kitenzi mwisho siku zote. Mimi huwaambia wanafunzi: penye shughuli pana "de". Na inakubali hata kwa ile shughuli yenyewe ya kadi na michango: harusi iko hotelini, "hoteru de arimasu".

Kwa nini wana namna nyingi hivi za kuhesabu? Nimefika kwenye penseli nimechoka. (Mwalimu wa hesabu, Morogoro)

Mwalimu mwenzangu, wewe unasema mtu mmoja, kitabu kimoja, gari moja, pahali pamoja, na hujawahi kulalamika. Mgeni anayejifunza Kiswahili ndiye anayelia. Tofauti ni kwamba wao wanaangalia umbo. Kirefu chembamba ni "hon", kilicho bapa "mai", mashine "dai", kitabu "satsu", mnyama mdogo "hiki". Watu ni "nin", isipokuwa mmoja na wawili, hitori na futari. Balaa ni pale "hon" inapogeukageuka: ippon, nihon, sanbon. Mimi nilizishika kwa mishikaki ya kuku, yakitori, ambayo nayo ni "hon". Kila Ijumaa niliagiza sanbon. Tumbo halisahau. Ukikwama kabisa, hitotsu, futatsu, mittsu zitakuvusha kwa vitu vingi visivyo mtu wala mnyama.

Kuna mahali ngeli zetu zinalipa. Kwa mtu na mnyama wao husema "imasu", kwa kitu "arimasu", yaani yupo na kipo. Mti unakua, una uhai, lakini kwao ni "arimasu", na sisi tunasema upo, hatusemi yupo. Tumekubaliana bila kukutana.

Kwa kuwa ni mtu wa hesabu: wao hufunga fungu kwenye elfu kumi, "man". Laki yetu ni man kumi, "juuman". Milioni ni man mia. Ukisikia mshahara wa "nijuuman" ni yeni 200,000, usije ukadhani ni elfu ishirini.

Nitakaa na mgeni wa Kijapani nyumbani wiki mbili. Nimwite "anata"? Na shikamoo yao ni ipi? (Mama mwenye nyumba, Nakuru)

"Anata" iko kwenye kamusi, ila mwenye adabu huikwepa. Tumia jina na "-san". Si ndivyo tunavyoishi? Nani anamwambia mama wa watu "wewe" usoni? Tunasema Mama Asha, Mwalimu, Shangazi. Wao watasema Tanaka-san, sensei. Ila "-san" usijipachike mwenyewe.

Shikamoo usiitafute. Heshima yao imeingia ndani ya kitenzi. Kula ni "taberu" ukiongea na mwanao, "tabemasu" ukiongea na mgeni, na ukimsema mgeni mwenyewe kwamba anakula, "meshiagarimasu". Lakini pole zetu wanazo. Akirudi jioni amechoka, mwambie "otsukaresama desu": pole na kazi. Wanaopitia Kiingereza hueleweshwa neno hili ukurasa mzima, maana Kiingereza hakina. Wewe unalisema mara kumi kwa siku. "Odaiji ni" ni ugua pole. "Gomen kudasai" mlangoni ni hodi. "Sumimasen" ni samahani, ya kumwita mhudumu na ya kumkanyaga mtu mguu.

Karibu ya dukani, "irasshaimase", ndiyo haijibiwi. Sikulijua hilo. Wiki nzima niliitikia kila muuzaji, ananiinamia, namwinamia, na foleni nyuma yangu inakua.

Coaster ninayopanda kwenda kazini ina maandishi mlango wa nyuma, nimeyanakili: 非常口. Yanasemaje? Na kanji, zile herufi zao zenye asili ya China, ni lazima nizijue zote? (Msomaji, Mbagala)

Umenakili vizuri kuliko wanafunzi wangu wawili nisiowataja. Ni "hijouguchi", mlango wa dharura. Ile ya mwisho, 口, ni mdomo, na kama sisi tunavyosema mdomo wa chupa, wao hufanya kila tundu la kupitia kuwa mdomo. 入口 "iriguchi" ni pa kuingilia, 出口 "deguchi" ni pa kutokea. Weka 人, mtu, mbele yake: 人口 "jinkou", idadi ya watu. Aliyewahi kulisha familia haulizi kwa nini watu wanahesabiwa kwa midomo.

Umeona pia sauti imebadilika: kuchi, guchi, kou. Kanji nyingi zina usomaji wa Kijapani chenyewe na usomaji uliokuja na herufi kutoka China. Ukikariri usomaji peke yake utachanganyikiwa. Kariri neno zima, usomaji utakuja nalo. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, tangu 2010, ina 2,136. Shule yao ya msingi, miaka sita, hufundisha 1,026, na darasa la kwanza ni 80 tu. Chukua hizo 80 za mtoto wa miaka sita, nyingine zitakusubiri.

Kesho angalia ubavuni mwa hiyo Coaster kama kuna 幼稚園, "youchien", chekechea. Baadhi ya mabasi yaliyokuja yalianza maisha yakibeba watoto wa chekechea.

Kuna wakala anasema nikilipa ada atanifundisha miezi miwili nipate N4, cheti cha Kijapani, kisha niende Japani kutunza wazee. Niamini? (Kijana, Arusha)

Usimpe hata shilingi, mdogo wangu. Viza ya ujuzi maalumu iliyoanza Aprili 2019 inadai N4 au mtihani wa JFT-Basic, pamoja na mtihani wa ujuzi wenyewe, na kutunza wazee kuna mtihani mwingine wa lugha juu yake. Taasisi ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia wao hutenga wiki 36 kwa Kiswahili na wiki 88 kwa Kijapani. Hao ni Wamarekani, na N4 si ubalozi, sawa. Lakini miezi miwili? Wanafunzi wangu wanaosoma saa moja kila siku bila kuruka hufika N4 baada ya mwaka mmoja na nusu hivi.

Ujue pia mtihani wa JLPT, kuanzia N5 ya chini hadi N1, ni wa kuchagua majibu. Haupimi kuongea. Mtu anaweza kuwa na cheti akashindwa kumwambia bibi kizee ageuke kitandani. Nairobi hufanyika Desemba. Masomo ya kujisomea ya Japan Foundation mtandaoni ni bure, na idhaa ya Kiswahili ya NHK World imewahi kutoa masomo ya Kijapani yaliyoelezwa kwa lugha yetu. Anzia huko.

Kijana wangu, nina miaka 68, mwalimu mstaafu. Mwanangu anaishi Nagoya, mjukuu wangu ana miaka minne na Kiswahili hajui. Kwenye simu tunatazamana tu. Je, nimechelewa? (Babu, Lushoto)

Shikamoo mwalimu. Hujachelewa, mnaanza darasa moja: naye herufi bado hajazijua. Yeye atakuita "ojiichan", vuta hiyo i, maana bila kuvuta unakuwa mjomba. Kwa mtoto huhitaji "-masu". Muulize: "Kyou, nani tabeta?" Leo umekula nini? Atakujibu neno moja, mwanao akutafsirie, uliandike. Kesho lingine.

Na yeye asibaki bila chochote. "Shikamoo" ina silabi nne, na zote nne anazo kwenye lugha yake: しかもお. Jifunze kuandika hizo kabla ya nyingine yoyote. Ziandike kubwa kama ulivyokuwa ukiandika ubaoni, ziinue mbele ya kamera, asome moja moja kwa sauti. Kisha itikia.